Walioshika Brashi Ukubwani

Wachoraji wakubwa wa kusini walianza wakiwa watu wazima, mbali na kwao. Masasi na Newala zina nini cha kujifunza?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmakonde mmoja aliyekuwa anakaribia umri wa miaka 40 alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alikuwa akifanya kazi Nyumba ya Sanaa, karakana iliyoanzishwa mwaka 1972 chini ya mtawa kutoka Marekani, Sista Jean Pruitt. Kwa msaada wa mjomba huyo, mgeni alipata ajira hapo hapo. Hakuajiriwa kama msanii. Aliajiriwa kuwa mlinzi wa usiku.

Kuchonga alikuwa anakujua. Alikuwa amejifunzia kwenye mizizi ya muhogo, ambayo ni laini na haigharimu kitu ikiharibika, kisha akahamia kwenye mti mgumu. Lakini wino, rangi, batiki na mabamba ya kuchapia picha vilikuwa ulimwengu mwingine, na alivikuta vimepangwa kwenye meza za mahali alipokuwa analinda. Akaanza kuchora. Waliokuwa wakiiongoza karakana wakaiona kazi yake, naye akaacha lindo akakaa mezani na wenzake.

Mtu huyo ni George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, huku kusini. Mwaka 1978 kazi za wasanii wa Kiafrika zilipoonyeshwa Washington, za kwake zilikuwa nyingi kuliko za msanii mwingine yeyote. Mashetani wake wenye masikio mapana, midomo iliyochomoza na matumbo ya mviringo wameingia katika mikusanyo mikubwa ya sanaa ya Afrika duniani, ukiwemo ule wa Jean Pigozzi. Ugonjwa wa kisukari ulipomfikisha mahali pa kukatwa miguu, aliendelea kufanya kazi akiwa amekaa. Alifariki Juni 2005, akiacha nyuma yake miaka kama 30 ya kuchora, na yote aliipata baada ya umri ambao wengi wetu huamini kwamba mtu amekwisha kuwa alivyo.

Naieleza habari hii kwa ajili ya watu wa Masasi na Newala, na kwa ajili ya kila mtu mzima aliye kijijini ambaye mkono wake huchora chini kwa kijiti anaposubiri mzigo wake upimwe kwenye mzani wa chama cha msingi. Lilanga si wa peke yake. Ukiitazama historia ya uchoraji wa kusini mwa Tanzania, kuanza ukubwani ndiyo desturi yenyewe.

Rangi ya baiskeli na ubao wa dari

Ukitoka Masasi kufuata barabara ya Tunduru, unapita Nakapanya. Upande huo ndiko alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932, baba yake akiwa Mngindo na mama yake Mmakua. Alisoma miaka michache ya shule ya msingi, akalima, kisha katika miaka ya 1950 akafuata njia ya vijana wengi wa kusini: mashamba ya mkonge ya Tanga. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa afisa Mwingereza, na baada ya uhuru akashika kibarua hiki na kile kama mtu yeyote wa mjini asiye na cheti.

Mwaka 1968, akiwa na miaka 36, alianza kuchora. Alikuwa ameona picha za wachoraji kutoka Kongo zikinunuliwa na wageni mjini, akaamua kwamba na yeye anaweza. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, kwa hiyo alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alinunua rangi ya mafuta, ile inayong'aa, inayopakwa baiskeli na milango, na mbao nyembamba za dari zilizokatwa vipande vya mraba. Usuli aliupaka rangi moja, akaacha ukauke, kisha akamweka mnyama mmoja mkubwa katikati: chui, tembo, ndege, kifaru. Picha ziliuzwa Oysterbay, kwenye eneo la Morogoro Stores, ambako wageni na maofisa walikuwa wakifanya manunuzi.

Alichora kwa takriban miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku kwa kumdhania mhalifu, akafa. Katika muda huo mfupi alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na jamaa zake, wengi wao watu wa Tunduru. Mwaka 1977 wafuasi wake walijiunga pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Leo jina la ukoo wake ndilo jina la mtindo mzima, na mgeni anayetua Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar hulikuta kabla hajamaliza siku ya kwanza.

Tuliweke wazi: mtu aliyeanzisha mtindo wa uchoraji wa Tanzania unaojulikana zaidi duniani hakushika brashi kama mchoraji hadi alipokuwa na umri wa baba wa watoto kadhaa. Hatusikii kwamba kuna aliyemtambua shuleni. Hatusikii mwalimu aliyemwambia ana kipaji.

Penseli za mwaka 1906

Kuna ushahidi wa zamani zaidi, nao ulikusanywa kwenye ardhi yetu wenyewe. Mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akichunguza maisha ya watu. Ulikuwa wakati mgumu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia, na kusini ilikuwa bado inauguza majeraha. Weule alikuja akiwa na macho ya mkoloni, na mengi aliyoyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1908 yanakera kuyasoma leo.

Lakini alifanya jambo moja la maana. Aliwapa watu karatasi na penseli, akawaomba wachore. Waliochora walikuwa watu wazima: wenyeji wa kusini, wapagazi wa msafara wake, watu wa pwani. Walichora wanyama, watu, meli. Kuna hata ramani ya njia ya misafara, iliyochorwa kama mchoraji alivyoijua kwa miguu yake. Michoro hiyo aliichapisha kitabuni.

Kwangu mimi, michoro ile ina uzito kuliko maelezo yaliyoizunguka. Inaonyesha kwamba katika eneo hili, zaidi ya miaka 100 iliyopita, ilitosha kumpa mtu mzima penseli. Picha zilikuwemo tayari. Kilichokosekana ni kitu cha kuzitolea. Na mtoa penseli alipoondoka, karatasi ziliondoka naye. Huko Ulaya zikawa mali ya wataalamu, na huku kwenye Uwanda wa Makonde sijui aliyebakiziwa daftari la kuendelea.

Kwa nini waanze wakiwa wakubwa?

Tuna methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri kwa malezi ya watoto, lakini imetumika vibaya kuwafungia milango watu wazima. Mtu wa miaka 50 akisema anataka kujifunza kuchora, methali hiyo humjia usoni haraka, na mara nyingi anayemrushia ni mwanawe mwenyewe.

Ukichunguza maisha ya Lilanga na Tingatinga, sababu ya kuchelewa kwao haikuwa mkono mzito. Walichelewa kwa sababu vitu vitatu vilichelewa kuwafikia. Cha kwanza ni vifaa. Kijana wa Nakapanya wa miaka ya 1940 angeipata wapi rangi ya mafuta, na angeinunua kwa fedha gani? Cha pili ni mahali. Nyumba ya Sanaa ilikuwa na meza, paa, na watu wengine waliokuwa wakifanya kazi hiyo hiyo bila kuulizwa wanapoteza muda gani. Cha tatu ni mnunuzi, maana mtu mwenye familia hawezi kuutoa muda wake kwa jambo ambalo halitaleta hata kibaba cha unga.

Vitu vyote vitatu vilikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo watu wa kusini walikwenda Dar es Salaam, na walikuta brashi pale ambapo walikuwa wamefuata bustani na lindo. Tunawasifu kwa kuwa walifika mbali, na wanastahili. Lakini hebu tuwafikirie wale ambao hawakusafiri. Kwa kila mlinzi aliyebahatika kulinda karakana ya sanaa, ni walinzi wangapi wa Masasi wamelinda maghala ya korosho maisha yao yote, wakiwa na picha vichwani ambazo hakuna aliyewahi kuziomba?

Kwa mwanamke kuchelewa kumekuwa kwa namna nyingine. Wanawake wa uwandani wamefinyanga vyungu, wamesiriba na kupamba kuta za nyumba kwa udongo, wamesuka na kushona. Mikono yao imezoea umbo na rangi tangu utotoni. Walichokosa ni saa moja ya kwao peke yao, na saa hiyo huanza kupatikana watoto wakishakua. Kenya ina mfano mzuri. Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928, alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akawa mwalimu na mama wa familia kwa miongo mitatu. Alirudi kwenye sanaa katika miaka ya 1980, akiwa na umri wa kustaafu. Kwa kuwa rangi zilikuwa ghali, alikata vipande vya karatasi za sabuni na mifuko ya unga, akavibandika vikawa picha za wanawake, kuku na maisha ya shamba. Kazi hizo zilionyeshwa nje ya Afrika, naye akahesabiwa miongoni mwa wasanii muhimu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 2021.

Huko Marekani, Anna Mary Robertson Moses, mke wa mkulima, alikuwa akidarizi hadi ugonjwa wa viungo ulipoifanya sindano kuwa mateso. Akahamia kwenye brashi akiwa na miaka zaidi ya 70, kwa sababu brashi ilishikika kwa urahisi zaidi. Aliishi hadi miaka 101, na picha zake za mashamba ya utotoni mwake zikajulikana dunia nzima.

Kilichomo vichwani mwa wazee

Mtu anayeanza ukubwani ana mali ambayo kijana hana: ameona mengi. Na uwanda huu umeonyesha watu wake mambo ambayo bado hayajachorwa.

Mzee wa Newala aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ameishi ukingoni mwa vita. Kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipigana na Wareno ng'ambo ya Mto Ruvuma, na watu walivuka mto kuja upande huu. Ukisimama kwenye ukingo wa Newala pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma linafunguka chini yako na Msumbiji iko mbele ya macho. Wapo watu wazima wanaokumbuka ukingo ule ulikuwa na sura gani usiku katika miaka ile. Nani amewapa rangi?

Kuna historia ya maji. Uwanda wa Makonde una udongo mzuri wa korosho na muhogo, lakini maji ya mvua huzama chini na mito iko mabondeni. Vizazi vya wanawake vilishuka kwenye makorongo kabla ya alfajiri na kupanda tena na maji kichwani, mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyasukuma juu kwa mashine, nao haujawahi kumfikia kila mtu kila siku. Kuna kuhamishwa katika vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, watu wakibeba milango ya nyumba zao. Kuna siku za kutoka jandoni na unyagoni, na kinyago cha lipiko kikiingia uwanjani watoto wakitimka. Kuna minada ya korosho na foleni ya malipo. Kuna milima ya mawe ya Masasi, ambayo msafiri akiiona anajua amefika kabla hajaona nyumba.

Picha tulizonazo za mambo hayo zilipigwa kwa sehemu kubwa na wamisionari, maofisa na watafiti. Walisimama mahali fulani, wakaona walichoona. Mwanamke aliyebeba ule mtungi alikuwa akiona kitu kingine kabisa, na alichokiona hakimo katika kumbukumbu yoyote. Akifariki bila kukichora, kimekwenda.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mtu mzima akichora ajifunze kwanza kunakili twiga na Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya watalii. Masasi na Newala si njia kuu ya watalii, na hilo naliona kuwa nafasi. Mchoraji wa hapa hana sababu ya kuchora mnyama ambaye hajapata kumwona. Achore alichoishi nacho.

Pa kuanzia

Anayesoma haya akiwa na miaka 45, 60 au 72 atauliza aanzeje. Historia imekwisha kujibu: anza na kilichopo dukani. Makopo madogo ya rangi ya mafuta, nyekundu, njano, bluu, nyeupe na nyeusi, yanatosha, kwa sababu rangi nyingine huzaliwa kwa kuchanganya. Kipande cha hadibodi au ubao wa dari kilichobaki kwa fundi seremala kinafaa. Brashi mbili, pana ya usuli na nyembamba ya mistari. Paka usuli leo, uache ukauke hadi kesho, kwa maana rangi ya mafuta isiyokauka huvuruga kila kinachowekwa juu yake. Chora mahali penye hewa, maana harufu ya rangi hiyo ni kali na haifai kufungiwa chumbani.

Asiye na fedha ya rangi aanze na mkaa na karatasi ya mfuko wa saruji. Udongo mwekundu na chokaa vimepamba kuta za kusini kwa miaka mingi, na vinaweza kupamba ubao pia. Karuga alitumia karatasi za sabuni.

Macho yakianza kuchoka, miwani ya kusomea inatosha kwa kazi ya karibu, na asubuhi ni bora kuliko usiku kwenye taa hafifu. Vidole vilivyokazwa na jembe havitapata mstari mwembamba siku ya kwanza. Chora umbo kubwa. Tingatinga alijaza ubao mzima kwa mnyama mmoja, na katika ukubwa huo ndimo ilimo nguvu ya picha zake.

Kuhusu muda, mkulima wa korosho anaujua mwaka wake. Kuna palizi, kuna kupuliza salfa, kuna kuokota na kuuza, kisha mvua na mashamba ya chakula. Katikati ya hayo kuna majuma ambayo mikono hupumzika. Atenge siku moja ya juma na aitetee kama anavyoitetea siku ya ibada. Na asichore peke yake akiweza kupata wenzake wawili au watatu. Tingatinga alikuwa na jamaa zake wakimzunguka, Lilanga alikuwa na karakana. Kuchora pamoja humfanya mtu asikate tamaa picha ya kwanza inapokataa.

Asidanganyike kwamba utajiri unamngoja. Picha za Tingatinga mwenyewe ziliuzwa kwa bei ndogo alipokuwa hai, na wengi waliomfuata wamechora sana na kupata kidogo. Anayeanza ukubwani aanze kwa sababu ana jambo la kuonyesha. Kipato kikija, kije juu ya hilo.

Wito

Mzigo huu hautakiwi kubebwa na mchoraji peke yake. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya kuwafundisha watu wazima. Ushonaji, useremala na kilimo vimepata nafasi humo. Uchoraji nao upewe darasa la jioni, walau mara moja kwa juma. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake wanaochora kina haki ya kupeleka andiko lake kama kikundi cha ufugaji wa kuku, na maofisa maendeleo ya jamii walipokee kwa uzito ule ule.

Shule za sekondari zina kuta tupu na wazee wenye kumbukumbu wanaishi jirani. Waalikwe wachore, na wanafunzi wawasaidie kupaka. Ofisi za vyama vya ushirika, zahanati, makanisa na misikiti yenye kumbi ziweke walau picha moja iliyochorwa na mtu wa hapa, na ilipiwe. Mnunuzi wa kwanza wa mchoraji wa Newala anapaswa kuwa mtu wa Newala. Tukiendelea kumsubiri mgeni aje atuambie kipi ni kizuri, tutaendelea kuwasindikiza wasanii wetu stendi ya basi.

Na wewe mwenye mzazi aliyestaafu ualimu, uuguzi au shamba: msimu huu ukimpelekea sukari na kitenge, weka na makopo matatu ya rangi, brashi mbili na kipande cha hadibodi. Mwambie achore nyumba aliyozaliwa. Kisha kaa naye mbele ya picha hiyo, umwulize maswali, na uitundike mahali ambapo wajukuu wataiona.